Yule Dada Aliyefanana na Mimi

Mume wangu Sefania ni Msambaa wa Vuga, milimani Lushoto, kuzaliwa na kukulia hapohapo. Mimi si wa huku. Baba yangu alitoka Njombe akiwa kijana kuja kuchuma chai, nami nikazaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi, ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake na wote tulielewana kwa Kiswahili. Kisambaa nilijifunza nilipoolewa, na mpaka leo watoto wangu hunicheka ninavyokitamka. Mama mkwe wangu, Mama Evelina, hakufurahi mwanawe alipoleta mtu wa kuja. Hakunitukana hata siku moja, ila kwa miaka mitatu ya kwanza alinikaribisha jikoni kwake kama unavyomkaribisha mtu wa sensa. Nayasema haya ili alichokuja kunifanyia ukijue uzito wake.

Mwaka juzi, mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, Sefania alipanda pikipiki kupeleka kabichi Soni. Kwenye kona moja pikipiki iliteleza kwenye tope, naye akaangukia kichwa mtaroni. Kofia ya pikipiki ilikuwa imening'inia kwenye usukani. Walimfikisha hospitali ya Lushoto akiwa hajitambui, na siku hiyohiyo tukapelekwa hospitali ya rufaa. Damu ilikuwa imevilia ndani ya fuvu, upande wa kulia. Madaktari waliitoa.

Tulikaa huko wiki tatu na siku mbili. Uso wake ulivimba hata macho yakafumbika. Nilikaa kando ya kitanda nikimsemesha habari za nyumbani, za ng'ombe, za karoti, naye alikuwa akinibana kidole kuonyesha kwamba anasikia. Uvimbe ulipopungua akafumbua macho, akawa mtu wa kimya. Alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani ni uchovu.

Siku tuliyorudi Vuga, majirani walikuwa wamejaa uani. Sefania alishuka kwenye gari taratibu, akamkumbatia mama yake, akawaita watoto wetu, Lightness na Timotheo, kila mmoja kwa jina, akauliza kama ng'ombe ameshazaa. Watu wakaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Ndipo akanigeukia, akanipa mkono kwa heshima.

“Dada,” akasema, “nashukuru sana kwa kunihudumia kule hospitali. Sasa naomba mniitie mke wangu.”

Tulicheka. Yeye hakucheka. Aliangaza macho kati ya watu akimtafuta mtu, na nikaona uso wake ukianza kuingiwa na wasiwasi.

Siku ile tulimwonyesha picha za harusi. Alizitambua zote. Akaweka kidole juu ya uso wangu, akasema huyu ndiye Dorkasi, mkewe. Mama yake akamwambia, basi mtazame huyu aliyekaa mbele yako. Akanitazama kwa makini, kama mtu anayekagua mche wa kupanda, akakiri kwamba tumefanana mno, hata kovu la shavuni ni lilelile. “Lakini siye,” akasema. “Mke wangu namjua.”

Kwa wiki tano niliishi nyumbani kwangu kama mfanyakazi. Nilipika, akala baada ya mama yake kuonja kwanza. Nilimfulia, akanishukuru. Hakunipandishia sauti wala kuninyooshea mkono. Chumbani kwetu hakuingia. Alisema si adabu kulala chumba kimoja na mke wa mtu, akahamia kwa Timotheo. Adabu ile ndiyo iliyoniumiza. Matusi ningeyajibu, lakini mtu anayekuambia “samahani, dada” kila unapompisha mlangoni, utamjibu nini?

Maneno hayakukosekana. Wengine walisema ni jini la njiani. Wifi yangu mmoja, aliyeolewa Gare, alikuja na lake: kwamba kaka yake amefunuliwa jambo, kwamba huenda huyu mwanamke wa kambini hakuwa kamwe yule tuliyemdhania. Alisema nirudishwe kwetu mpaka mambo yatulie. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikiosha vyombo, nikasikia kila neno.

Mama Evelina alimwacha amalize. Kisha akamwuliza, katika wiki tatu kaka yako alizolala hospitali, wewe ulikwenda mara ngapi? Wifi akasema mara moja. Mama akamwambia kwamba basi katika shauri hili ana neno moja tu, na ameshalisema. Jioni ile akahamishia godoro lake chumbani kwangu, akalala upande wa mume wangu, ili kesho mtu asije akasema kwamba mimi ni mwanamke asiye na mwenyewe katika nyumba ile.

Kilichonivunja kilikuja Jumatatu moja. Mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Januari, alipiga hodi akiwa na daftari, hajui pa kuyaweka macho. Nilimwamkia, nikampa kiti. Akanieleza, akikatakata maneno, kwamba Sefania alikwenda kwake asubuhi kutoa taarifa ya kupotelewa na mke. Alitaja urefu wangu, nguo niliyovaa mara ya mwisho aliponiona, siku alipoondoka na kabichi. Alitaja kwamba napenda kupitia kwa dada yangu Soni, huenda nimekwama huko. Alimwomba mwenyekiti atume watu wanitafute kabla mvua haijaharibu njia zaidi, kwa sababu, alisema, kifua changu hakivumilii baridi.

Baada ya Bwana Januari kuondoka niliketi palepale nikalia. Kwa wiki tano nilidhani mume wangu amenitupa. Kumbe alikuwa akinitafuta. Lakini kulijua hilo hakukunipa nguvu ya kuendelea kuitwa dada. Nilimwambia mama kwamba nakwenda kweli Soni, kwa dada yangu Happiness, nipumue siku chache. Hakunizuia. Alinifungia maharage na parachichi, akaniambia nimpigie simu kila siku asubuhi, nisimwache peke yake.

Siku ya tatu nilimpigia kama kawaida. Nilimsalimia kwa Kisambaa changu kibovu, maana nilijua hupenda. Mama husikia kwa shida, kwa hiyo simu yake huwa kwenye spika. Sikujua kwamba Sefania alikuwa amekaa karibu naye akimenya viazi. Nilisikia sufuria ikianguka, kisha pumzi za mtu aliyekuwa karibu mno na simu.

“Mama Lightness?” alisema. “Mama Lightness, ni wewe? Uko wapi, mke wangu?”

Hakungoja nijibu, akaniambia alinitafuta, alikwenda mpaka kwa mwenyekiti, watoto wananiulizia. Kisha akashusha sauti, kama anayenipa siri.

“Kuna dada hapa nyumbani amefanana na wewe. Ni mtu mwema, usimkasirikie. Lakini rudi.”

Nikamwambia narudi leo. Alilia kama mtoto, nami nikalia, na nyuma yake nikamsikia mama akisema taratibu, “Kumbe anaijua sauti. Kumbe anaijua sauti.”

Ni mama huyo, aliyesoma mpaka darasa la nne, aliyeona kwamba hilo si jambo la kuacha lipite. Hakuniacha nipande kwenda Vuga. Alishuka yeye Soni na Sefania, akamtanguliza mwanawe kwenye gari la Lushoto asinione, nasi wawili tukafuata kwenye gari la nyuma ili tukaonane hospitalini.

Kitengo cha afya ya akili kilikuwa na muuguzi aitwaye Nasra, dada mfupi wa makamo, mwenye ushungi wa bluu na daftari kubwa. Alimsikiliza Sefania peke yake karibu saa nzima. Kisha alitoka na simu yake, akanipeleka nyuma ya jengo, akaniomba nimpigie mume wangu na kumsemesha chochote. Nilizungumza naye kuhusu mbolea. Alizungumza nami kama mume. Halafu Nasra akaniingiza chumbani nikiwa bado na simu sikioni. Sefania aliponiona, uso wake ukakunjamana. Akaniita dada.

Nasra alinikalisha na mama, akatueleza bila haraka. Alisema ndani ya ubongo kuna seli za neva zisizohesabika, zinazopelekeana habari kwa njia maalumu. Sura ya mtu ikiingia machoni haiishii mahali pamoja. Kuna njia inayopeleka habari pale panapotambua: pua hii, kovu hili, ni fulani. Na kuna njia nyingine inayokwenda kwenye sehemu zinazoamsha hisia, zile zinazoufanya moyo ushtuke kidogo ukimwona mtu wako. Kwa maoni yake na ya daktari, ya kwanza ilikuwa nzima, ya pili iliumia siku ile ya pikipiki.

“Anaiona sura ya mkewe vizuri kabisa,” alisema, “lakini mwili wake haumwambii kitu. Sasa ubongo unajitafutia maelezo: amefanana naye, simhisi, basi siye. Si jini, mama. Na si kwamba hakupendi. Angekuwa hakupendi, asingeona kama kuna kitu kimepungua.”

Nikamwuliza, na sauti?

“Sauti ina njia yake. Hiyo haikuguswa. Ila akikuona, macho huishinda sauti.”

Alisema pia, kwa ukweli, kwamba hata wasomi hawajaumaliza ugonjwa huu, kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuona mgonjwa mmoja tu wa namna hii, na hawezi kutuahidi siku wala mwezi. Daktari aliandika vidonge vya kunywa jioni. Nasra akatupa kazi ya nyumbani: tusibishane naye, tusimlazimishe kukubali sura, tuanze na kile ambacho hakijavunjika.

Tulianza hivyo. Nilikaa jikoni, yeye sebuleni, ukuta katikati, tukazungumza mchana kutwa. Alijua mke wake yuko upande wa pili na hakutaka kuja kuangalia. Nadhani aliogopa atakachokiona. Baada ya wiki mbili tulikaa uani tumepeana migongo, tukipukuchua maharage, kila mmoja kwenye ungo wake. Nilihisi mgongo wake ukilegea dhidi ya wangu. Kisha Nasra akashauri afumbe macho, nimshike mkono huku nikisema, na afumbue polepole nikiendelea kusema bila kukatisha.

Mara ya kwanza alipofumbua, alivuta mkono kama aliyegusa kaa la moto. Mara ya pili vilevile. Mara ya sita au ya saba alinitazama kinywa kinavyokwenda, jasho likamtoka, akasema, “Sauti yake inatoka kwako,” akaomba tupumzike. Kulikuwa na siku alizokataa kabisa, na wiki moja mwezi wa nane nilipokata tamaa nikakaa shambani tangu asubuhi mpaka jua likazama. Mama alinifuata na chai kwenye chupa, akakaa kwenye tuta, hakuninasihi. Alinisimulia, kwa Kisambaa cha polepole ili nielewe, kwamba nilipoolewa alimwambia Sefania kuwa mtu wa kuja huondoka shida ikifika. “Nilimwambia uongo,” akasema. “Nisamehe.” Tulikunywa chai yote.

Jambo lenyewe lilipotokea sikuwa nimejiandaa. Ilikuwa mwezi wa kumi, napalilia karoti, nimeinama, sijasema neno tangu nifike. Sefania alikuwa anapita juu kwenye njia na ndoo ya maji.

“Mama Lightness,” aliita, “jembe hilo limelegea mpini, utajikata mguu.”

Sikuinuka. Niliogopa nikiinua uso atauona na kuniita dada. Akashuka, akalichukua jembe mkononi mwangu, akagonga mpini kwenye jiwe, akanirudishia. Alikuwa akinitazama usoni moja kwa moja. Alipoona machozi yangu akaniuliza kama nimeshajikata.

Hakurudi mzima kwa siku moja. Akiwa amechoka sana au hakulala vizuri, mpaka leo kuna asubuhi anasimama mlangoni akinitazama, kisha anaomba, “Sema kidogo.” Nasema lolote lililopo, kwamba chumvi imekwisha, kwamba Timotheo amepoteza kiatu, naye anaitikia kwa kichwa, anaingia. Vidonge vilisimamishwa mwezi wa pili mwaka huu. Tulipokwenda kliniki mara ya mwisho tulimpelekea Nasra matunda yetu ya shambani, maplamsi, naye akayagawa kwa wagonjwa waliokuwa foleni kabla hatujaketi.

Jumapili iliyofuata tulitoa sadaka ya shukrani kanisani, mkungu wa ndizi na jogoo. Mchungaji alimwita Mama Evelina aseme neno, akasimama, akasema anamshukuru Mungu kwa mwanawe na kwa binti yake, akaketi. Hakusema mkwe. Wifi yangu wa Gare alikuwa benchi la mbele, na ibada ilipokwisha alikuja akanishika mkono kwa muda mrefu.

Njiani kurudi tulikaribia kwetu, watoto wakiwa wametangulia. Sefania akasema kuna jambo linamsumbua. Alisema anazikumbuka zile wiki zote. Anajua sasa, kwa akili yake, kwamba nilikuwa mimi. Lakini katika kumbukumbu zake yule bado ni mtu mwingine, dada fulani aliyekuja nyumbani, akapika, akafua, akavumilia kutazamwa vibaya, na hakuomba chochote.

“Yule dada,” alisema, “sikuwahi kumshukuru kama inavyostahili.”

Nilimwambia amshukuru sasa, atasikia. Akasimama njiani na nguo zake za ibada, akavua kofia, akanishukuru. Watoto waliokuwa mbele wakageuka kutazama kwa nini tumebaki nyuma.