Habari Iliyofika Jumatano

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na kwa miezi saba kati ya maisha hayo alikuwa jasusi. Miezi hiyo saba ndiyo iliyompa jina. Mji mzima ulimwita Jicho. Watoto niliowafundisha darasa la tatu waliamini kwamba ana jicho moja la kioo, ambalo hulitoa na kuliweka juu ya ukuta likapeleleza peke yake. Mwenyewe akisikia hayo alicheka mpaka miwani ikamshuka puani, maana kwa miaka yake themanini hata uzi hakuweza kuupitisha kwenye tundu la sindano bila mimi.

Kisa chake kila mtu alikijua. Wakati wa vita adui alipouteka mji wetu, aliigeuza shule ya zamani kuwa kambi, na ukumbini akapanga vyerehani tisa. Shangazi alichukuliwa kwa lazima kwenda kushona na kurekebisha sare. Jeshi letu lilikuwa ng'ambo ya mto likilinda daraja, kwa sababu wote waliamini adui akitaka kusonga mbele atapita hapo. Basi Jumanne moja zikaletwa suruali mia nne na amri: zishonewe turubai magotini, makoti yatiwe pamba mabegani, na kazi iwe imekwisha Alhamisi. Shangazi akazigeuza zile suruali mikononi akajiuliza, mtu wa kuvuka daraja anataka magoti magumu ya nini? Anayeyataka ni mtu atakayetambaa juu ya mawe. Na mawe yalikuwa upande mmoja tu, kwenye njia ya mlimani inayozunguka chanzo cha mto, ambako jeshi letu lilikuwa limeacha walinzi kumi na wawili.

Hakuandika chochote. Kama alivyokuwa akifanya miezi ile yote, alimwambia rafiki yake, mwuza maziwa, mwanamke mwenye alama nyeusi shavuni ambaye watu walimwita Kidoti. Kidoti alikuwa na kibali cha kuvuka daraja kwenda kuchukua maziwa ng'ambo. Akayabeba maneno kichwani mwake, akayafikisha. Ijumaa adui alipopanda mlima alikuta anasubiriwa, akarudishwa mbio, na baada ya wiki tatu mji ukakombolewa. Lakini Kidoti alikamatwa kwenye kizuizi cha darajani Alhamisi asubuhi akirudi, na hakuonekana tena. Aliacha binti wa miaka mitano.

Hivyo ndivyo tulivyokijua kisa kwa miaka arobaini na moja. Halmashauri ya mji ilipojenga chuo cha ufundi ikaamua kukipa jina la shangazi. Barua ikaja, ina mhuri na sahihi tatu. Na wiki moja baada ya barua, akaja mtafiti.

Alikuwa dada wa makamo hivi, mpole, anatoka chuo kikuu, anaandika kitabu juu ya vita vile. Majalada ya jeshi yalikuwa yamefunguliwa mwaka huo, naye alikuwa ameyasoma mpaka macho yakamwiva. Nilimwekea chai, hakuigusa.

"Bibi," alisema, "kuna jambo ningependa ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwingine."

"Sema, mwanangu," shangazi akamjibu huku akiendelea kupinda sketi ya jirani. "Siku hizi habari mbaya huletwa na daktari, na wewe si daktari."

Mtafiti akatoa nakala ya ukurasa mmoja kwenye mkoba wake, akasoma polepole: "Jumatano, saa tisa alasiri. Taarifa ya fundi wa kambini imeletwa na mwuza maziwa. Shambulio litapitia mlimani. Habari hii tunayo tangu Jumatatu."

Mimi ndiye niliyeruka. "Tangu Jumatatu? Waliipata kwa nani?"

"Redioni, mwalimu. Walinasa mazungumzo ya adui Jumatatu jioni. Na amri ya kupeleka askari mlimani imeandikwa Jumatano, saa nne asubuhi. Mwuza maziwa alikuwa bado hajafika."

"Kwa hiyo shangazi yangu na mwenzake walikuwa wanapiga soga tu?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema kwa adabu, lakini umesema!"

Shangazi alininyooshea kiganja, nikafyata. Akamwomba mtafiti arudie kusoma, naye akarudia.

"Kwa hiyo hata kama Kidoti asingekwenda, wangejua," shangazi akasema.

"Kwa karatasi hizi, bibi, ndiyo. Lakini karatasi nazo..."

"Nimekuelewa."

Akashona nyuzi tatu au nne, akazitazama, akazifumua. Nilidhani analilia jina lake. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikugundua kuwa tangu mgeni aingie, yeye mwenyewe hakuwa ametaja jina lake wala chuo hata mara moja.

Yule mtafiti alikuwa mkweli, akatuambia pia kwamba Jumamosi amealikwa redioni kujadiliana na Kapteni mstaafu. Huyo Kapteni tulimfahamu. Alikuwa makao makuu siku zile, na kila alipopewa kipaza sauti alisema shangazi ameokoa watu elfu mbili. Mwaka uliofuata wangekuwa elfu tatu. Shangazi alikuwa akimtania kwamba akiishi sana, ataokoa hata watu ambao hawajazaliwa.

Mgeni alipoondoka, shangazi akaniambia, "Kesho asubuhi utanisindikiza kwa binti wa Kidoti."

"Kumwambia nini? Mwache, shangazi. Mambo ya karatasi hayo, leo yanasema hivi, kesho vile."

"Atayasikia redioni Jumamosi, mikono yake iko kwenye unga, peke yake. Sitaki."

Binti wa Kidoti alikuwa mwoka mikate, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mnene kidogo, mchangamfu, ana duka lake mtaa wa chini. Alilelewa na bibi yake, ambaye alikuwa amefariki zamani. Tulimkuta wakati wateja wa asubuhi wamepungua, trei zinapoa kwenye rafu, mashine ya kukandia inanguruma. Alipomwona shangazi alipangusa mikono haraka, akamwamkia, akamvutia kiti karibu na mlango penye hewa.

"Mama, ungenitumia mtu nikaja mimi. Kuna nini?"

Shangazi hakuzunguka. Alimweleza yote: Jumatatu, redio, amri ya saa nne, ujumbe wa saa tisa. Mwoka mikate alisikiliza amesimama. Katikati ya maneno alinyoosha mkono nyuma akazima mashine bila kugeuka.

"Kwa hiyo mama alikwenda bure," alisema.

"Sijui kama ni bure. Wengine watasema habari ya pili iliipa nguvu ya kwanza. Mimi sijui, na sitakudanganya."

"Ungejua ungemtuma?"

"Nisingemtuma."

Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika. Nikashusha pumzi, nikaanza kushika mkoba. Lakini shangazi hakuinuka.

"Kuna lingine," akasema. "Hili halimo kwenye karatasi za mtu yeyote. Siku yake ya kuvuka ilikuwa Alhamisi. Walinzi wa darajani walimzoea kwa Alhamisi. Jumanne jioni nilipompa yale maneno, aliniomba asubiri siku yake. Akasema, nikivuka Jumatano wataniuliza. Na akasema mtoto ana homa, anataka kulala naye hata siku moja zaidi."

Mwoka mikate alimtazama.

"Mtoto ni wewe," shangazi akaendelea. Mikono aliishikanisha magotini kwa nguvu. "Nilimsukuma. Nilimwambia, mtoto ana bibi yake, homa itashuka, na Alhamisi tutakuwa tumechelewa. Akaniambia, sawa. Akavuka Jumatano. Aliporudi Alhamisi, walimuuliza hicho hicho alichosema watamuuliza: kwa nini amevuka siku isiyo yake. Tangu ulipofungua duka hili nimekuja kununua mkate kila wiki, na kila wiki nimetoka bila kukwambia."

Mimi nilikuwa nimeishi naye miaka kumi na tisa na sikuwahi kulisikia hilo. Mteja aliingia, akaona nyuso zetu, akatoka tena.

"Homa ile nadhani naikumbuka," mwoka mikate akasema hatimaye. "Au nimeambiwa, sijui. Mama, naomba mwende. Sikufukuzi. Nina mikate ya mchana."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, tukipumzika kila kona.

Jumamosi tuliwasha redio. Mtafiti alisoma nyaraka zake, tarehe kwa tarehe, sauti tulivu. Kapteni akamsubiri amalize, halafu akacheka.

"Binti yangu, hiyo amri ya saa nne unayoisoma, mwandiko wa nani?"

"Haujatajwa."

"Ni wangu! Mimi ndiye niliyekuwa karani wa makao makuu. Wiki ile hakuna aliyeandika kitu, tulikuwa tunakimbia. Kitabu nilikijaza Jumapili, nimesinzia, kila saa naikisia. Kanali, mkuu wetu, alikuwa na habari za redio tangu Jumatatu, kweli. Lakini alihofia ni mtego. Aliniambia mimi, kwa mdomo wake, 'Fundi amesema magoti, basi ni kweli.' Ndipo akahamisha watu."

"Na wale watu elfu mbili, Kapteni?" mtafiti akauliza. "Hao nao uliwakisia Jumapili?"

Mtangazaji akacheka, Kapteni akakohoa, akakiri kwamba idadi hiyo aliikuza kidogo. Lakini kuhusu Kanali alishikilia neno lake, na Kanali alikuwa amekwisha kufa. Mtafiti naye akasema kwa haki kabisa kwamba hawezi kuthibitisha saa ya ile amri, wala Kapteni hawezi kuthibitisha yale maneno. Wakaachana hapo.

"Umesikia?" nikamwambia shangazi, nimefurahi kama aliyeshinda kesi. "Ulikuwa na maana! Kanali alikungoja wewe!"

"Huenda," alisema. "Huenda pia mzee ananipenda." Akaizima redio.

Jumatatu yake alimwita mtafiti na kumsimulia habari ya homa na ya Alhamisi. Mtafiti aliandika, kisha kalamu ikasita. "Bibi, hili haliko kwenye nyaraka. Na litakupunguzia heshima."

"Haliko kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Sasa umeuliza. Andika na yale ya Kapteni, na yale ya saa nne, uyaweke pamoja. Na jina la Kidoti uliweke kamili, lile alilopewa na wazazi wake, si la alama ya shavuni."

Wiki iliyofuata alikwenda halmashauri kwa miguu yake na kuomba jina lake litolewe kwenye kibao mpaka wenye elimu wakubaliane. Madiwani walibishana siku nzima. Mmoja alisema shujaa ni shujaa hata akichelewa, mwingine akauliza basi shujaa aliyewahi ni nani, mtambo wa redio? Ikaundwa kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, na chuo kikafunguliwa kikiitwa Chuo cha Ufundi tu. Mpaka leo hakuna mwanafunzi aliyepotea njia kwa sababu hiyo.

Mwoka mikate hatukumwona kwa muda wa miezi miwili. Mkate nilinunua mimi, na aliyeniuzia alikuwa msaidizi wake. Shangazi hakuuliza kitu. Alikula kidogo, alishona zaidi, na mara mbili nilimkuta dirishani anatazama mtaa bila kazi mkononi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Halafu Jumapili moja mchana, baada ya kula, mlango ukabishwa. Alikuwa yeye, amevaa nguo za kutokea, hana trei wala unga. Aliketi pale alipoketi mtafiti. Nilimmiminia chai akainywa yote kabla ya kusema.

"Nimekasirika sana," alianza. "Nataka ulijue hilo, mama."

"Ninalijua."

"Mwanzo nilikukasirikia wewe. Halafu nikamkasirikia mama kwa kukubali. Halafu hiyo homa." Akacheka kidogo, bila furaha. "Sijamaliza. Labda sitamaliza. Lakini nimefikiri kitu kimoja. Bibi yangu hakupenda kumzungumzia, kila nikiuliza alilia. Picha haipo. Watu wakinisimulia, wananisimulia ile siku moja tu, kama vile alizaliwa Jumatano akafa Alhamisi. Kwenye mji huu aliyemjua hasa amebaki nani?"

"Mimi," shangazi akasema.

"Basi niambie. Sitaki ya vita. Alikuwa anatembeaje?"

Shangazi alifikiri. Kisha akashika ukingo wa meza, akainuka, akanisukuma mkono nilipotaka kumsaidia. Akaweka kiganja kiunoni kama aliyeegemeza kopo la maziwa, bega moja juu, miguu ikikanyaga nje kidogo, akatembea hivyo kutoka mezani mpaka mlangoni, mzee wa miaka themanini, akiyumba kwa madaha ya mwanamke wa thelathini.

Mwoka mikate aliziba mdomo. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda sikujua kama ni kilio au kicheko.

"Mume wangu hunicheka kila siku," alisema alipoweza kusema. "Anasema natembea kama bata aliyealikwa harusini."

"Ni yeye huyo," shangazi akasema, akarudi kuketi, anahema. "Sasa sogea karibu. Nikwambie alivyokuwa akigombana na wateja."