Sala Aliyonyimwa Marehemu

Tangu asubuhi fundi viatu roho yake ilikuwa juu juu. Alibandika soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia, mteja akacheka mpaka akakohoa. "Fundi, leo umeamkia upande gani?"

Fundi akaing'oa soli, aanze upya. Jioni hiyo angekuwa mfalme jukwaani katika tamthilia ya kale: mfalme anayeua ndugu zake, anakufa bila kutubu, na kuhani anagoma kumwombea. Na baba yake, mhubiri, mzee mkaidi kupindukia, alikuwa amekubali kuja kutazama.

"Asiyetubu haombewi." Ndivyo anavyosema kuhani. Lakini miaka mitatu nyuma, baba aliyasema maneno hayo hayo mbele ya jeneza la mwanawe wa kwanza, kaka yake fundi, akakataa kumwombea, kisa alikufa amelewa. Jamani! Mtoto wa kumzaa mwenyewe! Fundi aliutaka ufalme ule kwa ajili ya maneno hayo tu. Mzee ayasikie kwa mdomo wa mtu mwingine, yamchome kama yalivyomchoma mama yao.

Jioni ilipofika, nyuma ya pazia alikwenda, akarudi, akaenda tena.

"Hebu keti, utanitoboa sakafu!" mama mwelekezi wa tamthilia akamfokea. "Na ukifa, ufe kweli. Maiti wangu hafumbui jicho wala mdomo mpaka pazia lifungwe."

"Nimesikia, mama."

Jukwaani akaua, akakufuru, akafa. Alilala chali. Mwalimu wa hesabu, aliyecheza kuhani, akamsimamia na kutamka: "Asiyetubu haombewi."

Mara kiti kikasukumwa ukumbini, na viatu vikaanza kupanda ngazi za jukwaa. Fundi alivijua kwa mlio. Yeye ndiye aliyevitia soli.

"Mzee, huku hairuhusiwi," mwalimu akanong'ona.

"Nipishe, mwanangu. Neno hilo nimeshalisema mara moja, na tangu siku ile sijalala vizuri."

Magoti yakagonga mbao. Kiganja kikavu kikatua kwenye paji la uso wa fundi, na baba akaanza sala ya mazishi, yote, sauti ikimkwaruza. Alipofika pa kutaja jina la marehemu, hakumtaja mfalme. Alimtaja kaka.

Mama mwelekezi alikuwa ameshika kamba ya pazia, akashindwa kuivuta. Fundi, aliyekuja kumkomoa mzee wa watu, alijikaza amefumba macho, machozi yakimwingia masikioni. Sala ikaisha, hakuna aliyeitikia. Basi maiti akafumbua mdomo.

"Amina, baba."