Uji wa Daktari

Daktari Harwell aliacha kazi yake Uingereza kwa mwaka mmoja aje kutibu watu wa Kabazi, na akina mama wa kanisa walimpikia kwa zamu. Jeruto, mjane, alizoea kumtania: "Bwana Daktari, hata kuku wangu wanakushinda kula."

Siku moja Cheptoo, bintiye Jeruto, alijifungua na damu ikakataa kukoma. Damu ya Jeruto ilipimwa, haikulingana na ya bintiye. Daktari akakunja mkono wa shati, akatolewa yake.

Jeruto aliitazama ikishuka kwenye mpira mwembamba kuelekea mkononi mwa Cheptoo, hadi akasahau kuomba.

Jioni Cheptoo alifumbua macho, akaitisha maji. Jeruto akamnywesha, kisha akampelekea daktari bakuli kwa mikono miwili.

"Kunywa uji, mwanangu." Neno Bwana lilikataa kumtoka.

Daktari akanywa, akalimaliza bakuli.