Mwali wa Redioni

Bi Sitara alikuwa amewafunda mabinti wa Kariakoo kwa miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kumsikia akitoa nje hata neno moja la ndani. Ndiyo maana akina mama walimwamini. Kungwi akishalegea mdomo, haitwi tena. Hubaki barazani kuhesabu wapita njia.

Siku hiyo aliitwa redioni kuitangaza ngoma ya kikundi chao cha wanawake, itakayochezwa Saba Saba. Mtaa mzima ulijazana dukani kwa Sadalla, mwenye redio kubwa.

Mtangazaji, kijana aitwaye Gaudens, aliingia studio mbio, suruali yake ya bugaluu ikifagia sakafu. Shikamoo hakutoa. Alichukua karatasi mezani, akaisoma hewani hivyo hivyo.

"Ndugu Sitara, hongera. Kuku wako mia mbili wa Buguruni wanatagaje?"

"Sina kuku, mwanangu. Nina ngoma."

Gaudens akageuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe.

"Ngoma, vizuri. Naona umekuja na kanga ya sare. Hebu waonyeshe wasikilizaji."

Bi Sitara akaikunjua mbele ya kipaza sauti, kisha kwa adabu akageuza na upande wa pili. Nyuma ya kioo, Anselmi, fundi mitambo, aliuma kola ya shati.

Maswali yakamwishia Gaudens, na dakika zilizobaki ni kumi na mbili.

"Nasikia wewe pia ni kungwi," akasema. "Hebu tueleze, mwali mkishamfungia ndani, mnamfundisha nini hasa? Usione haya. Sisi sote ni wananchi."

Bi Sitara akapiga hesabu. Akiinuka aondoke, ngoma haitatangazwa. Akijibu, kwisha kazi yake. Aliwaona moyoni wale wanawake wa dukani, wamebana pumzi.

"Ya ndani huambiwa aliye ndani," akasema taratibu.

"Basi nihesabu na mimi nimo."

"Umesema mwenyewe?"

"Nimesema."

Bi Sitara akamfunika kanga gubigubi. "Wananchi, tumepata mwali. Na mwali haongei mpaka kungwi wake aridhie. Macho chini, mwanangu."

"Lakini Ndugu..."

"Chini kabisa."

Gaudens akainama, kimya. Bi Sitara akavuta kipaza sauti, akataja siku, uwanja, wapiga ngoma, na akawaonya wanaume wasipande miti kuchungulia. La ndani hakutoa hata moja.

Anselmi akagonga kioo: saa ya taarifa ya habari, na msomaji ni huyo huyo aliye ndani ya kanga.

"Mwali hatolewi kimyakimya," akasema Bi Sitara, akapiga vigelegele. Taifa zima likasubiri habari mpaka pumzi yake ilipokwisha.

Kanga ilipofunuliwa, Gaudens alikuwa bado anatazama viatu vyake.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Haya, soma habari zako."

Jioni, Bi Sitara aliwakuta wanawake wanne barazani kwake. Watatu walikuja kumkabidhi mabinti. Wa nne alikuwa mama yake Gaudens, aliyetaka kujua kama mwanawe hawezi kukaa ndani walau wiki moja zaidi.