Koti la Mwinshehe

Usiku wa jana niliota matanga ya kaka yangu Mwinshehe yamerudi, na hakuna aliyeshangaa.

Mama amelala mkekani, uso ukutani. Tangu tuzike hajatia kitu kinywani ila chai, na alishatuambia kwamba atakula siku Mwinshehe akimwambia ale. Sahani ya wali iko mbele yake. Imechoka kungoja, imejilaza ubavu.

Anaingia Nyamizi, mtani wetu wa Kinyamwezi, amevaa koti la marehemu na kuchechemea kama yeye, kama watani wafanyavyo misibani. Tofauti ni kwamba safari hii amekuwa yeye kweli, masharubu na pengo la jino. Watu wanacheka. Anamaliza sinia zima la pilau, anarudi kuwa Nyamizi, anaomba maji.

"Sura inakula," ananieleza huku akijifuta mdomo. "Ikikosa chakula, inamla aliyeivaa."

Nikamwomba koti, nikamwambie Mama ale. Akakataa, akasema mtani damu yake ni nyingine, sura haipati pa kushika. Ndugu haigizi maiti wake.

"Nyie Wazaramo hata kufa hamjui," akasema, "kufufua mtaweza?"

Alipoinama kunywa maji, nikalivaa.

"Umekula?" koti likaniuliza.

"Kidogo."

"Haya. Tutaona."

Miguu inarefuka. Nachechemea kumfuata Mama, lakini mkeka sasa uko stesheni ya treni, mara uko darasani, mara kisimani, na kila mahali nakula nikipatacho: mihogo mibichi, chaki, kamba ya ndoo. Chakula kinaisha. Vidole vinapoa. Koti linaanza kula vitu vyangu. Linakula kovu la gotini, nililolipata siku Mwinshehe aliponiangusha na baiskeli yake. Baiskeli bado naikumbuka, ila sasa mwendeshaji ni mimi, na nyuma nimempakia kijana nisiyemjua.

Nikafika.

"Mama, kula."

Akageuka. Akala tonge la kwanza, akala la pili, macho kwangu.

"Na mdogo wako Pazi, amekula?"

"Pazi yupi?" nikamuuliza. Sikuwa natania.

Mama akarudisha tonge sahanini. Akanishika kola.

"Mwinshehe nimeshamlilia," akasema. "Pazi sina machozi yake. Vua, mwanangu."

Koti halikutaka. Mikono yake ilikuwa imeota ngozini mwangu. Basi Mama akavuta sahani, akaanza kulilisha kupitia kinywa changu: tonge kwangu, tonge kwake mwenyewe, tonge kwangu, tonge kwake, bila haraka, kama anayemwachisha mtoto ziwa. Sahani haikuisha hadi koti liliposhiba, likacheua, likalegea lenyewe.

Nikaamka nina njaa kali. Kulikuwa kumekucha. Jikoni Mama alikuwa amekalia mbuzi ya nazi, anakula kiporo cha wali. Nikamwamkia, akaitikia na kunisogezea sahani.

Nilipokunja suruali nichuchumae, alilitazama goti langu. Lilikuwa laini, halina alama yoyote.

Akaniongezea wali.