Kiko cha Mzee Masalu

“Takataka,” alisema Abdulshakur, akamrudishia mchimbaji kiko chake bila hata kumtazama usoni.

Kilikuwa kiko cha mzungu, kimeokotwa kwenye jalala la nyumba za zamani huko Mwadui, na yule bwana alikuwa amekisugua kwa msasa mpaka kinang'aa kama goti lililopakwa mafuta. Alidhani amekipendezesha. Kumbe amefuta mhuri wa fundi, na kiko kisicho na mhuri hakina baba wala mwaka. Abdulshakur hakujisumbua kumweleza. Kuwaeleza watu aliona ni kupoteza mate.

Ndivyo alivyokuwa, na Maganzo nzima ilimjua. Miaka mingi alikuwa dalali wa almasi pale kando ya barabara, na dalali ana sheria moja tu: jiwe lililo mkononi mwako halisifiwi. Ukilisifu umejinyonga. Unalitazama, unakunja pua, unasema lina ufa, lina moshi, si ajabu ni kipande cha chupa. Mwenye jiwe ananyong'onyea, ndipo mnaongea. Almasi zilipoadimika akahamia kwenye viko, maana kuna watu wa mbali huvinunua kwa kuona picha kwenye simu. Lenzi akahama nayo, na pua ikabaki imekunjwa vilevile. Aliikunja mbele ya ugali, mbele ya mvua, mbele ya khutba ya Ijumaa. Mkewe, Mungu amrehemu, aliingia kaburini hajasikia hata siku moja kwamba mchuzi wake umekolea.

Haki yake apewe lakini: mihuri alijua kuisoma. Kwenye ukosi wa fedha, ile pete inayozunguka shingo ya kiko cha Kiingereza, simba anayetembea maana yake fedha ni halisi. Nanga inataja mji ulikogongwa mhuri. Herufi inayofuata ni mwaka, na lazima utazame umbo lake, kwa sababu herufi zikiisha huanza upya kwa mwandiko mwingine, na asiyejua hujikuta amekosea robo karne. Yeye hakukosea. Laiti angejua kusoma na watu.

Siku hiyo walikuwa wanakuja kumposa Shadya, bintiye wa pekee. Shadya alikuwa amevuka thelathini, si kwa kukosa wachumba. Wa kwanza alikimbia baada ya baba mtu kumuuliza kama viatu vile kaazima. Wa pili alikuja na mjomba wake, na mjomba akaambiwa ana sura ya mtu aliyewahi kufungwa. Huyu wa tatu aliitwa Ngusa, fundi wa pampu za maji kwenye mashimo ya Rwamgasa, aliyesilimu kwa hiari yake na kuswali kuliko wengi wa mtaa ule. Abdulshakur alimwita “mchunga ng'ombe”, ingawa ng'ombe walikuwa wa baba yake.

Asubuhi Shadya alikwenda kusimama mbele ya meza ya baba yake. “Baba, leo ukae kimya,” alisema. “Sema karibuni, sema alhamdulillahi, basi. Huyu nampenda.”

Shangazi yake, Zamoyoni, akaongezea maelezo. Kwenye ukoo wa Jilala, baba yake Ngusa, wakienda kuposa hubeba kiko cha marehemu babu. Huwekwa mikononi mwa baba wa binti, naye hukiamkia kama anavyomwamkia mzee mwenyewe, kisha hukirudisha. Hapo posa imepokelewa. Asipokiamkia, amemkataa mzee wao. Ni neno moja tu, kaka yangu, shikamoo, hata kasuku angeliweza. Abdulshakur akasema kuamkia kipande cha mti ni ushamba, lakini atakiamkia.

Wakaja baada ya adhuhuri, Jilala na ndugu zake wawili, mashati yamepigwa pasi mpaka mistari inasimama. Jilala alizungumza polepole, Kiswahili chake kikiburuta Kisukuma nyuma. Alieleza kwamba baba yake, mzee Masalu, alikuwa kijana wakati almasi za Mwadui zinagunduliwa. Mzungu mmoja mpima ardhi alishikwa na homa porini, na Masalu akambeba mgongoni hadi Shinyanga. Mzungu alipopona akakitoa mdomoni mwake kiko alichokipenda, akampa. Basi Jilala akafungua kitambaa, akakiweka kiko kwenye viganja vya mwenyeji kwa mikono miwili.

“Huyu ndiye mzee wetu,” alisema. “Naye amekuja kuposa.”

Zamoyoni alimtazama kaka yake. Nyuma ya pazia, Shadya alikuwa amesimama na sinia la pilau mikononi.

Kidole gumba cha Abdulshakur kilipita juu ya ukosi wa fedha na kukuta makovu madogo. Mkono mwingine ukaingia mfukoni, ukatoka na lenzi. Simba. Nanga. Herufi ya mwaka arobaini, mwandiko wake wenyewe, na kwenye mti mhuri wa fundi umekaa mzima, haujaguswa na msasa wala sabuni. Moyo ulimruka. Maisha yake yote alikuwa hajashika kiko kama kile. Na moyo ulipomruka, pua ikakunjika yenyewe.

“Mmh,” alisema. “Bati hili. Limepakwa rangi ya fedha.” Akakigeuza. “Mti nao umekula moshi. Huyo mzungu kama kweli alibebwa mgongoni, mbona alimlipa mzee wenu takataka?”

Jilala alinyoosha mkono, akakichukua kiko, akakifunga kwenye kitambaa taratibu.

“Baba Shadya,” alisema, “sisi tulikuja kuoa. Hatukuja kuuza.”

Wakaaga kwa adabu, mmoja mmoja, wakavaa viatu vyao, wakaondoka.

Zamoyoni alijifunga khanga, akamwambia kaka yake kuwa ana laana ya mdomo, naye akatoka. Abdulshakur hakutikisika. Aliwajua wenye mawe: huinuka kwa hasira, huzunguka kwa madalali wengine, kisha hurudi wameinamisha vichwa. Akakaa akiutazama mlango. Watu gani hawa, wanabeba fedha halisi kwenye kitambaa cha kufutia jasho. Washamba. Watarudi. Adhana ya alasiri ikapita, hakuna aliyebisha hodi.

Shadya akatoka na lile sinia, pilau la watu sita, nyama juu yake. Akalitua mbele ya baba yake peke yake. Hakulia. Alimtazama kwa namna ambayo yeye alikuwa akiwatazama wachimbaji.

“Kilikuwa kizuri?” aliuliza.

Hapakuwa na mtu tena wa kushindana naye bei.

“Kizuri sana, mwanangu,” alisema. “Sijawahi kuona kizuri kama kile.”

Shadya aliitikia kwa kichwa, akaenda uani. Muda si mrefu ikasikika sauti ya maji na vyombo. Alikuwa anaosha sahani za wageni, moja baada ya nyingine, ambazo hakuna aliyezigusa.