Unga Mwekundu wa Tokie

Jumatatu saa mbili na dakika kumi asubuhi, wafanyakazi wa maabara ya unga walimaliza mazoezi ya viungo yanayoongozwa na redio, wakashusha mikono, wakajipanga safu mbili kusikiliza matangazo. Bosi Kuwata alikuwa na mawili. Mashine ya chai ya ghorofa ya pili ilikuwa mbovu. Na kijana Minagawa, mwenye udaktari wa kemia na miaka miwili kazini, alikuwa amepata tuzo ya kampuni kwa kugundua namna ya kuufanya unga mwekundu ung'ae zaidi. Watu wakapiga makofi. Tokie, mwenye miaka ishirini na sita kazini, alipiga sawa na wengine, na roho ikamuuma kama jino.

Unga huo hupakwa juu ya kile kichipu cha taa kinachotoa mwanga wa buluu. Humeza buluu na kutoa wekundu, na bila wekundu huo taa nyeupe humfanya kila anayekaa chini yake aonekane mgonjwa. Watu wa mji ule, tangu mashamba ya mpunga yalipouzwa, kazi yao ni kupunguza mwanga unaopotea njiani. Ukiingia mia, utoke mwingi kadiri iwezekanavyo. Kwa miaka mitatu ulikuwa unatoka sabini na moja.

Aliyegundua ni Tokie. Mwezi wa pili alirudisha tanuruni chungu cha unga kilichokwisha kuchomwa, maana vyungu vyote ni vyeupe na alisahau kukiandika namba kwa penseli. Unga uliochomwa mara mbili ulitoa sabini na tisa. Lakini Tokie alikuwa amelelewa vizuri. Kabla unga haujapoa alikuwa ameshaandika barua ya kujutia kosa, kurasa mbili, akaipiga muhuri na kuiweka mezani kwa bosi. Minagawa ndiye aliyepima.

"Dada Tokie, ungesubiri hata nusu saa tu," Kuwata alimwambia alipokwenda kuuliza habari ya tuzo. "Sasa barua iko kwenye faili. Mtu haombi radhi na kudai haki kwa jambo lilelile."

"Siwezi kuiondoa?"

"Barua nzuri vile? Tumeshaituma mpaka tawi la Osaka, wenzako wajifunze."

Asubuhi ile ya tuzo Tokie alikaa mbele ya kinu chake cha jiwe gumu la akiki, akatwanga dakika arobaini kuelekea upande mmoja, kama yeye mwenyewe alivyomfundisha Minagawa. Alimwonea kijicho. Aliuonea kijicho udaktari wake, viatu vyake, mama yake aliyempigia simu kumpongeza, hata namna anavyopiga chafya bila kuomba radhi. Vidole vya Tokie vikaanza kuwaka wekundu ndani ya glavu. Ilipofika saa nne, mwanga ulikuwa umepanda hadi viwikoni.

"Mwenzetu umewaka," alisema Fumi, mwosha vyungu, bila kuinua kichwa. "Hebu sogea huku basi, nione hivi vyungu vizuri."

Tokie akasogea. Unga alioutwanga siku ile, ulipotoka tanuruni, ulipimwa tisini na moja.

Kuwata hakuwa mtu wa kupoteza muda. Jumatano alimtuma Minagawa apite mara tatu mbele ya Tokie, amebeba ile saa ya ukutani aliyopewa kama tuzo: tisini na tatu. Alhamisi Minagawa alikwenda kwa daktari wa meno: themanini. Wiki iliyofuata meza yake ilihamishiwa mkabala na kinu cha Tokie, na kila Jumatatu akawa anatangaziwa jambo jema. Akapandishwa cheo. Akachaguliwa kwenda mkutanoni Taipei. Jambo lilipokosekana, alisifiwa mwandiko. Watu wa usalama kazini walikuja kumkagua Tokie, wakampa glavu nene zaidi ili asiwaumize wenzake macho.

"Punda afe, mzigo ufike," Fumi alisema wakila chakula cha mchana. "Mimi ningeshammwagia supu yule."

"Supu ni ya moto. Na yeye hana kosa," alijibu Tokie, mwanga ukiwa umemfika shingoni, akaendelea na wali wake.

Minagawa naye hakuwa na amani. Ijumaa moja alimletea mfuko wa ndimu kutoka shambani kwa babu yake, akainama mpaka paji la uso likagusa meza.

"Dada, ile fomu ya hataza, ya kusajili nani mvumbuzi, bado haijatumwa. Nimeandika jina lako. La kwanza."

"Juu ya lako?"

"Juu ya langu. Wazo lako, mikono yako. Na mimi nimechoka kusifiwa mwandiko."

Tokie hakuwahi kutaka kitu kama alivyolitaka jina lile pale. Alilisoma mara mbili. Kijicho kikamtoka kama uchovu unavyomtoka mtu ndani ya maji ya moto, na mikono ikazima. Alitwanga siku nzima akiimba kimoyomoyo.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Unga wa siku ile ulipimwa sabini na mbili.

Kuwata alimwita ofisini, akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, dalili mbaya. Mezani palikuwa na daftari la vipimo na fomu mpya ya hataza yenye jina la Minagawa peke yake, na chini yake nafasi ya Tokie kukubali.

"Hakuna anayekulazimisha, Dada. Ukitaka, jina lako libaki. Ila wateja wa taa za hospitali watarudisha mzigo, na kila kopo limeandikwa nani alitwanga."

Tokie aliitazama ile sabini na mbili. Miaka ishirini na sita hakuwahi kutoa unga hafifu namna ile. Kisha akafungua ukurasa wa nyuma, penye tisini na tatu, akamwonea wivu yule mwanamke aliyeutwanga. Akatoa mkobani muhuri wa jina lake, unaotumika badala ya sahihi. Katika ofisi za huko, muhuri wa mdogo hulazwa kidogo kushoto, uonekane unauinamia wa mkubwa. Akaulaza. Kabla wino haujakauka chumba kilikuwa chekundu, na Kuwata akainuka kuzima taa ya dari, kuokoa umeme.

Unga uliofuata walirudia kuupima mara tatu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona tisini na saba. Kuwata aliandika namba hiyo daftarini kwa kalamu nzuri. Kwenye safu ya mwisho, panapojazwa hali ya mtwangaji, aliandika: nzuri.